Risasi zilizojazwa na mtu mwingine: dalili, sababu zake, na mahali pa kusimama

Marekani, kujaza risasi nyumbani ni jambo la kawaida. Mwindaji hukusanya maganda aliyokwisha kuyatumia, huyasafisha, huyarudisha kwenye umbo, kisha hutia fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Anapata risasi inayoelewana na bunduki yake kuliko nyingi za dukani, tena kwa bei nafuu. Sheria ya serikali kuu haimdai leseni maadamu anajaza kwa matumizi yake mwenyewe. Anayejaza ili auze ndiye anayetakiwa kuwa na leseni ya aina ya 06 inayotolewa na ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha.

Waswahili wanaoishi huko na kupenda uwindaji au shabaha hukutana na risasi hizi kwa njia zilezile. Rafiki wa kazini anakupa mfuko. Jirani mzee amefariki na familia inagawa vitu vya karakana. Umenunua bunduki iliyotumika, ikaja na boksi mbili juu yake. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe uliyepewa. Kwa aliyeko Kenya au Tanzania jambo ni fupi zaidi: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kwa Kenya, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kwa Tanzania. Ukiletewa za namna hiyo, usizipokee.

Tukubaliane maneno. Ganda ni kile kikopo cha shaba. Fataki ni kile kidonge kilicho katikati ya kitako cha ganda, kinachopigwa na pini. Kichwa ni kipande kinachoruka. Chemba ni tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa inapopigwa, na bolti ni chuma kinacholifunga. Kanuni moja inatawala kila dalili utakayoisoma hapa: risasi moja ikionyesha kasoro, boksi lote linafungwa. Zilijazwa kwenye meza moja, kwa mizani moja, na mkono mmoja. Kilichoipata moja kinaweza kuwa kimezipata kumi. Risasi iliyotangulia inaweza kuwa ndiyo onyo lako.

Dalili ya kwanza: boksi halina maelezo, au maelezo hayatoshi

Hii ndiyo dalili inayoonekana mapema kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mjazaji makini huandika kwenye boksi tarehe, aina ya baruti na uzito wake kwa greni (kipimo kidogo sana cha uzito), aina na uzito wa kichwa, aina ya fataki, ganda limetumika mara ngapi, na bunduki iliyokusudiwa. Bila hayo, hujui umeshika nini.

Sababu ya kawaida ni kwamba mwenyewe alizijua, akaona hakuna haja ya kuandika. Kama yuko hai, muulize: "Kaka, hizi ulizijaza kwa bunduki ipi, na kwa kitabu kipi cha vipimo?" Anayejua kazi yake hufurahia swali hilo, na mara nyingi atafungua daftari. Akijibu kwamba ni "za kawaida tu" au kwamba baruti alikadiria kwa kijiko, mshukuru na umrudishie.

Sababu ya pili ni kwamba boksi si la risasi zilizomo. Wajazaji wengi hutumia tena maboksi ya kiwandani, kwa hiyo jina la kiwanda juu ya boksi si ushahidi wa aliyejaza. Hata maandishi ya kwenye kitako cha ganda yanakuambia tu nani alitengeneza ganda hapo mwanzo. Kuna mtego mbaya hapa. Maganda ya .300 Blackout mara nyingi hutengenezwa kwa kukata maganda ya 5.56, ndugu wa .223, na maandishi ya zamani hubaki. Risasi hiyo hukaa kwenye magazini ya bunduki ya .223, wakati mwingine huingia hadi chemba, nayo ina kichwa cha inchi 0.308 kinachosukumwa kwenye mtutu wa inchi 0.224. Bunduki hupasuka. Pima kichwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, usiamini maandishi peke yake.

Ukaguzi wa haraka, kabla ya jambo lolote:

Mwaga risasi kwenye meza yenye mwanga. Maganda yenye maandishi ya viwanda vitatu au vinne tofauti, mikwaruzo kwenye ukingo wa kitako, na vichwa vya madini ya risasi visivyofunikwa shaba, vyenye nta, ni alama kwamba hizi si za kiwandani. Pitisha kidole juu ya kila kitako: fataki iwe sawasawa na kitako au chini yake kidogo, isichomoze hata kidogo. Tafuta kutu ya kijani, nyufa shingoni, ganda lililovimba, kichwa kilichoinama au kinachozunguka ukikishika kwa vidole.

Watu huuliza kama wanaweza kuzipima kwenye mizani wapate zenye baruti mara mbili au zisizo na baruti. Mizani haitakuokoa. Risasi nyingi za 9mm hubeba baruti ya greni chache tu, na maganda ya viwanda mbalimbali hupishana kwa greni kadhaa yenyewe kwa yenyewe. Kasoro inajificha ndani ya tofauti hiyo. Kuitikisa sikioni ni vilevile: baruti iliyojaa vizuri haisikiki, na iliyojazwa kupita kiasi pia haisikiki.

SIMAMA HAPA kama humjui aliyejaza, au ameshafariki na hakuacha daftari. Hakuna kipimo cha nje kitakachokuambia kilichomo ndani. Risasi hizo si za kupigwa.

Dalili ya pili: risasi haiingii, au bolti inagoma kufunga

Mara nyingi ganda halikurudishwa kwenye umbo lake kamili. Lilipigwa kwenye bunduki ya mjazaji, likatanuka kufuata chemba ya bunduki hiyo, naye akalibana shingo tu kwa sababu kwake linaingia bila shida. Kwako chemba ni finyu kidogo. Inayofuata kwa wingi ni kichwa kilichowekwa nje mno hadi kinagota mwanzo wa mifereji ya mtutu. Halafu kuna ganda refu kupita kipimo, ambalo ni la hatari zaidi kwa sababu linaweza kuingia kwa nguvu: mdomo wake unabanwa dhidi ya kichwa, kichwa kinashindwa kutoka kwa wepesi, na mgandamizo unaruka. Mwisho ni ganda lililovimba kwenye bega lake, pale linapoanza kusinyaa kuelekea shingo, wakati wa kubana mdomo, na fataki iliyochomoza.

Usisukume. Usipige bolti kwa kiganja. Kwenye bunduki zinazojikoki zenyewe, hasa zile ambazo pini yake inaelea huru kama SKS na M1 Garand, fataki iliyochomoza inaweza kugongwa bolti inapojifunga na risasi ikalipuka bila triga kuguswa.

Mtutu ukielekea kwenye tuta, toa risasi taratibu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazamii: kama kichwa kilikuwa kimenasa kwenye mifereji, ganda hutoka peke yake, baruti humwagika ndani ya mtambo, na kichwa kinabaki mtutuni. Angalia ulichotoa. Kama ni ganda bila kichwa, hamia kwenye dalili ya nne.

Mkono wako usifunike mlango wa kutolea maganda unapoitoa. Risasi iliyokwama inaweza kugongwa fatakini na kitoa-ganda, ikalipuka ikiwa nje ya chemba, na vipande vya shaba vitaingia kwenye kiganja.

Dalili ya tatu: umevuta triga, pini imegonga, kimya

Weka mtutu ukielekea shabahani na usifungue chochote. Hesabu sekunde 30 taratibu. Viwanja vingine vya shabaha vinadai dakika nzima. Fuata kanuni za uwanja wako. Fataki inaweza kuwa inawaka polepole, na risasi iliyochelewa ikilipuka wakati bolti iko wazi inakulipukia wewe. Baada ya muda huo, toa risasi, uso ukiwa mbali na mlango wa maganda, kisha angalia alama ya pini.

Alama ikiwa ya kina na ya kawaida, sababu kuu ni fataki isiyosukumwa hadi mwisho wa tundu lake. Pigo la pini lilitumika kuisukuma badala ya kuiwasha. Sababu nyingine ni fataki iliyoharibiwa na mafuta ya vidole au ya kulainishia maganda, ambayo wajazaji wasio waangalifu huyaacha. Mara chache fataki imewekwa kichwa chini, na hiyo utaiona kwa macho.

Alama ikiwa hafifu, shuku bunduki kwanza: spiringi iliyochoka, pini iliyojaa uchafu, au fataki ya aina ngumu iliyotiwa kwa bunduki yenye pigo jepesi. Jaribu risasi ya kiwandani. Ikiwaka bila shida, tatizo liko kwenye boksi ulilopewa.

Usiirudie risasi iliyogoma. Najua wapo wanaoirudisha ili waone. Kwa risasi ya kiwandani unayoijua, ni mjadala. Kwa hii, hujui hata kilichotiwa ndani.

Dalili ya nne: mlio hafifu, mrusho mdogo begani

Nitakaa hapa, kwa sababu hii ndiyo inayovunja bunduki kwa watu ambao hawakufanya jambo lolote la ajabu. Umepiga risasi tano zikalia vizuri. Ya sita imetoa "puu". Huenda moshi umeongezeka, huenda chembe za baruti zisizoungua zimemwagika, huenda karatasi ya shabaha haina tundu jipya. Bastola haikutema ganda, au silinda ya rivolva imegoma kuzunguka.

Kilichotokea ni kwamba risasi haikuwa na baruti, au ilikuwa na kidogo mno. Fataki peke yake ina nguvu ya kutosha kukitoa kichwa kwenye ganda la bastola na kukiingiza mtutuni, lakini haina ya kukitoa nje. Sasa mtutu una kizibo. Risasi inayofuata, hata ikiwa nzuri kabisa, itagonga kizibo hicho, na mtutu utavimba au kupasuka.

Sababu, kwa mpangilio wa jinsi zinavyotokea: mjazaji aliruka ganda moja kwenye mashine, labda simu iliita; baruti iliganda kwenye kipimio ikamwagika nusu, na nusu nyingine ikaangukia ganda lililofuata; mafuta au unyevu vimeharibu baruti; baruti ni ya zamani na imeoza. Tazama ile sababu ya pili vizuri. Inamaanisha kwamba ndani ya boksi hilohilo yupo ndugu wa risasi dhaifu, mwenye baruti ya kupita kiasi.

Hatari kubwa iko kwenye mazoea ya mkono. Waliofunzwa kupiga bastola kwa haraka wamefundishwa kwamba silaha ikikwama, gonga magazini, vuta koki, endelea. Kwa risasi zilizojazwa na mtu mwingine, mazoea hayo yazuie. Unapokuwa umeziba masikio na jirani yako anapiga bunduki kubwa, mlio hafifu hausikiki. Utaujua kwa mrusho kuliko kwa sikio. Kila mara silaha isipojikoki yenyewe, chukulia kwamba kuna kizibo hadi umehakikisha.

Ukaguzi: subiri sekunde 30, toa magazini, fungua chemba, hakikisha silaha ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Ivunje kadiri kitabu chake kinavyoruhusu, kisha tazama ndani ya mtutu kwa tochi ukianzia upande wa chemba. Ukiona mwanga hadi mwisho, umesalimika. Kama mtutu hautoki, pitisha ufito wa kusafishia kutoka mdomoni, bila kuutazama mdomo huo, upime kama unafika chembani.

SIMAMA HAPA kichwa kikiwa kimenasa. Usijaribu kukitoa kwa kupiga risasi nyingine. Usitumie kijiti cha mbao, kwa sababu kinapasuka kwa mshazari, kinajibana kando ya kichwa, na fundi atakuwa na kazi mara mbili. Mpe taarifa msimamizi wa uwanja, halafu peleka bunduki kwa fundi wa silaha. Ana fito za shaba za kipenyo sahihi, na baada ya kutoa kichwa atapima kama mtutu umevimba.

Dalili ya tano: bolti nzito, fataki iliyolala bapa, mrusho mkali

Huu ni mgandamizo uliopita kiasi. Kila aina ya risasi ina kikomo. Shirika la SAAMI, lililoundwa mwaka 1926 kusimamia vipimo vya viwanda vya Marekani, limeweka paundi 62,000 kwa inchi ya mraba kwa .308 Winchester, 35,000 kwa 9mm Luger, na 17,000 tu kwa .38 Special.

Alama za kutafuta kwenye maganda ni fataki iliyotandazwa hadi kujaza kingo za tundu, fataki iliyotobolewa, masizi meusi kuizunguka, na doa linalong'aa kwenye kitako pale kilipochapwa kwenye tundu la kitoa-ganda. Bolti inataka kupigwa ili ifunguke, au maganda ya rivolva yanagoma kutoka. Fataki bapa peke yake si hukumu, maana zipo fataki laini. Ikiambatana na bolti nzito, hakuna la kujadili.

Sababu iliyo ya kawaida ni kwamba mjazaji alipandisha baruti hatua kwa hatua hadi kikomo cha bunduki yake. Kwake ni salama, kwako si salama. Joto linafuata: risasi zilizopimwa Minnesota wakati wa baridi, zikaachwa kwenye gari Texas mwezi Agosti, zitakuwa na mgandamizo wa juu zaidi. Kisha maganda ya kijeshi ambayo mara nyingi ni mazito na yana nafasi ndogo ndani, kichwa kilichozama ndani mno kwenye risasi ya bastola, baruti ya aina isiyo sahihi, na baruti iliyotiwa mara mbili.

Hiyo ya mwisho huwapata zaidi wenye risasi za bastola. Ganda la .38 Special lilibuniwa mwaka 1898 kwa baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya kisasa hukaa chini kabisa ya ganda hilo, na kipimo cha pili huingia juu yake bila kumwagika wala kuonekana kirahisi.

Nawasihi hasa wenye silaha za zamani. Dalili za kwenye ganda zinaanza kuonekana kwenye mgandamizo ambao bunduki ya kisasa inauvumilia. Kwa .38 Special au .45 Colt, ambayo kikomo chake ni paundi 14,000, shaba inaweza isionyeshe kitu hadi umepita mbali sana ya kile ambacho chuma cha zamani kinaweza kubeba. Mfano ulio wazi ni .45-70. Bunduki ya zamani ya Springfield Trapdoor ya mwaka 1873 inapiga risasi yenye kikomo cha paundi 28,000. Wajazaji huandaa risasi za ganda hilohilo zenye nguvu zaidi sana kwa bunduki za kisasa kama Ruger No. 1. Zote mbili zinaingia kwenye chemba ya Trapdoor, na kwa nje zinaweza kufanana kabisa.

SIMAMA HAPA kwa risasi ya kwanza tu yenye dalili. Usipige "moja ya kuhakikisha". Bunduki ikaguliwe na fundi kabla ya kupigwa tena hata kwa risasi za kiwandani, hasa kama fataki imeanguka au ganda limepasuka kwenye kitako.

Dalili ya sita: ganda limepasuka au limekatika

Ufa mdogo shingoni ni uchovu wa shaba. Ganda limejazwa mara nyingi. Si dharura, ila boksi limezeeka. Mstari unaong'aa ukizunguka ganda juu kidogo ya kitako ni jambo jingine: ukuta umekonda kwa ndani na ganda linakaribia kukatika. Wajazaji hulipima kwa waya mwembamba uliopindwa ncha, unaopitishwa ndani ya ganda tupu. Ukikwaruza kama mfereji, maganda yote ya rika hilo yanatupwa. Likishakatika, kipande cha mbele hubaki chembani na risasi inayofuata haitaingia. Fundi anacho kifaa cha kukitoa. Akague pia nafasi kati ya bolti na chemba, kwa sababu bunduki iliyolegea hukata maganda yaliyo mazima.

Dalili ya saba: vichwa vinahama

Linganisha urefu wa risasi zilizobaki kwenye magazini au silinda baada ya kupiga chache. Kwenye rivolva yenye mrusho mkali, vichwa visivyobanwa hutoka mbele na kuzuia silinda. Kwenye bastola, hurudi ndani kila risasi inapoingizwa tena chembani, na kichwa kilichorudi ndani kinapandisha mgandamizo. Zote mbili ni shingo au mdomo usiobana. Na kama bunduki yako ni ya magazini ya bomba, mfano zile za .30-30, vichwa vyenye ncha kali havifai kabisa, kwa kuwa ncha ya moja inakaa juu ya fataki ya iliyo mbele yake.

Risasi ulizozikataa

Usizitupe kwenye taka, usizichome, usizizike, usizitumbukize chooni. Usimpe mtu mwingine ukidhani ana bunduki imara zaidi. Marekani, piga simu kituo cha polisi cha mtaani kwako au duka lenye leseni uulize wanazipokea vipi. Baadhi ya viwanja vya shabaha huwa na chombo maalumu cha risasi mbovu. Ziweke kwenye boksi lililoandikwa MBOVU, mbali na nzima, zikiwa zimefungiwa.

Mjazaji mzoefu anaweza kuzivunja kwa kifaa chenye umbo la nyundo kinachotoa kichwa, akaokoa maganda na vichwa. Baruti haiokolewi, hata ikionekana nzuri, kwa sababu aina mbili zenye chembe zinazofanana zinaweza kuwa na kasi tofauti kabisa. Ikitoka na harufu kali ya asidi au vumbi la rangi ya kutu, inaoza; itolewe nje ya nyumba siku hiyohiyo, na uwaulize zimamoto wa eneo lako namna ya kuiteketeza.